Feidi ya Makusudi Hujengwa Kuanzia Mwanzo wa Mpira

Kwa mchezaji wa gofu anayetumia mkono wa kulia, feidi ni mpira unaoanza safari yake kushoto kidogo mwa shabaha, ukapanda hadi kileleni, kisha ukarudi taratibu upande wa kulia na kutua pale ulipokusudiwa. Slaisi nayo, ule mpira unaokwepea kulia kwa nguvu bila mchezaji kukusudia, huenda kulia, na kwa mtazamaji aliye mbali mipira hiyo miwili inaweza kuonekana ndugu. Katika viwanja vya mazoezi hapa Kampala nimesikia mara nyingi mchezaji akiambiwa kwamba feidi ni slaisi iliyopunguzwa makali, na kwamba kinachotakiwa ni kuipunguza kidogo kidogo mpaka itii. Sikubaliani na maelezo hayo. Kwa muda ambao nimekuwa nikijifunza mpira huu, nimeamini kwamba feidi hujengwa kuanzia mstari unaoanzia mpira, na kwamba anayehangaikia mpindo kabla ya kuumiliki mwanzo atazunguka palepale hata akipiga ndoo nzima ya mipira kila jioni.

Nilianza kuutafuta mpira huu kwa sababu ya uwanja ninaouchezea zaidi. Uganda Golf Club ilianzishwa mwaka 1908, na uwanja wake umelala katika bonde la Kitante, katikati ya jiji lililokua na kuuzunguka pande zote. Kuna kijito, kuna miti iliyokomaa, na nje ya uzio kuna barabara na majengo. Mpira ukitoka nje ya mipaka, kanuni hazina huruma: unaongezewa pigo moja, kisha unarudi pale pale ulipopigia. Mchezaji anayelenga katikati ya feawei, yaani njia ya nyasi fupi kuelekea shimoni, yenye upana wa mita 30, huku hajui kama mpira wake utapinda kushoto au kulia, ana nafasi ya mita 15 tu kila upande. Anayelenga ukingo wa kushoto, akiwa na hakika kwamba mpira wake haupindi kushoto kamwe, ana mita zote 30 za kutumia. Akiupiga ukaenda moja kwa moja, atakuwa ukingoni kushoto; ukirudi kama ulivyopangwa, atakuwa katikati; ukirudi zaidi, bado atakuwa ndani upande wa kulia. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyonishawishi kuliko sifa zote za uzuri wa feidi angani.

Wakubwa wa mchezo huu waliielewa hesabu hiyo zamani. Ben Hogan alisumbuliwa kwa miaka na mpira uliokunjia kushoto kwa nguvu, akaubadilisha mshiko wake na kuufanya mpira wake wa kawaida uwe ule unaorudi kulia. Alinusurika ajali mbaya ya gari mwezi Februari mwaka 1949, akashinda Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka uliofuata, na mwaka 1953 akatwaa mataji makubwa matatu katika msimu mmoja. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, aliupenda mpira huohuo, na pia Lee Trevino. Katika kizazi chetu, Dustin Johnson aliacha kuupinda mpira wa draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, kuelekea kushoto, akaipokea feidi, na mwezi Novemba mwaka 2020 alishinda Masters kwa mapigo 268, ambayo ni idadi ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Hata hivyo, ninayempenda kumtaja zaidi ni Bobby Locke wa Afrika Kusini, ambaye hakupiga feidi kabisa. Locke aliuanzisha kila mpira kulia na kuuacha urudi kushoto, na kwa mpira huo mmoja alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara nne, katika miaka ya 1949, 1950, 1952 na 1957. Namtaja kwa sababu nguvu yake ilitoka katika kuujua mpira mmoja mpaka mwisho, na hicho ndicho ninachokitafuta mimi kwa upande wa pili.

Sasa tuingie kwenye kiini. Fimbo hugusana na mpira kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo mfupi mambo mawili huamua karibu kila kitu: uso wa fimbo unaelekea wapi, na fimbo yenyewe inapita katika njia gani. Kwa miongo mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza katika njia ya fimbo, kisha hupinda kuufuata uso. Rada za kupimia mpira, kama zile za kampuni ya TrackMan ya Denmark ambayo ilianzishwa mwaka 2003, zilionyesha kwamba uso ndio wenye sauti kubwa zaidi katika mwanzo wa mpira, kwa kiasi cha asilimia 75 hivi kwa fimbo za aini, zile zenye kichwa chembamba cha chuma, na karibu asilimia 85 kwa draiva. Njia ya fimbo huchangia kiasi kidogo kilichobaki. Mpindo nao hutokana na tofauti kati ya uso na njia: uso ukiwa wazi kuelekea kulia kulinganisha na njia, mhimili ambao mpira unazungukia huinamia kulia, na mpira hufuata huko, kama ndege inayolala ubavu inapogeuka juu ya ziwa kuelekea kutua Entebbe.

Kutokana na maarifa hayo, agizo lililozoeleka la kuuelekeza uso kwenye bendera inayoonyesha shimo, kuigeuza miguu kushoto, kisha kupiga kwa kufuata miguu, lina kasoro ya wazi. Uso ukielekea bendera wakati wa kugusana, mpira utaanza karibu sana na bendera, na kwa kuwa njia iko kushoto, utapinda kulia na kuishia mbali na ulikotakiwa. Ili feidi irudi kwenye shabaha, uso wenyewe lazima uelekee kushoto mwa bendera, na njia ielekee kushoto zaidi ya uso. Uso uko wazi ukilinganishwa na njia, lakini umefunga ukilinganishwa na bendera. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili, maana mchezaji akiikosa atafanya kila kitu kingine kwa bidii na bado atashangaa kwa nini mpira wake hautui kwenye grini, pale penye nyasi fupi kabisa na shimo.

Tuchukue aini namba 7 kutoka mita 140. Tuseme uso unaelekea digrii 2 kushoto mwa bendera, na njia ya fimbo inaelekea digrii 4 kushoto. Mpira utaanza takriban digrii 2 na nusu kushoto, ambazo kwa umbali huo ni kama mita 6. Hiyo ndiyo feidi: mita 6 za kwenda na mita 6 za kurudi, bila mkunjo mkubwa wa kuwapendeza watazamaji. Ninapozitazama namba hizo ninatulia, kwa sababu zinaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Anayegeuza miguu yake mpaka bega linaelekea uwanja wa jirani anatafuta mpira mwingine kabisa, ule wa kuuzunguka mti, ambao una mahali pake lakini si wa kuchezea kila siku.

Kwa hiyo, katika kujipanga, uso hutangulia. Nasimama nyuma ya mpira, nachagua kitu kilicho karibu katika mstari wa kuanzia, kama jani kavu au alama ya kipande cha nyasi kilichong'olewa na mchezaji aliyetangulia, halafu nauweka uso wa fimbo ukielekea kitu hicho kabla miguu haijapata nafasi yake. Miguu, nyonga na mabega hufuata, vikielekea kushoto kidogo zaidi. Mpira nauweka mbele kwa kiasi cha upana wa mpira mmoja kuliko kawaida, kwa sababu fimbo hupita katika tao, na kadiri inavyogusana na mpira mbele zaidi katika tao hilo ndivyo njia yake inavyokuwa imeelekea kushoto. Vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto navikaza kidogo tu, vya kutosha kuuzuia uso usijifunge upesi. Baada ya hapo sifikirii tena mikono. Nageuza kifua mpaka mwisho, na swingi, yaani mzunguko mzima wa kupiga, inaishia mikono ikiwa chini kidogo upande wa kushoto.

Aliyenisaidia kuufahamu mwanzo wa mpira kwa macho yangu mwenyewe ni kedi mmoja wa makamo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Uganda walianzia kubeba mifuko, na elimu iliyomo vichwani mwa makedi wetu ni hazina ambayo klabu zingefaa kuithamini zaidi. Alichomeka ardhini kijiti kirefu kupita kimo cha mtu, hatua kumi mbele ya mpira wangu, akakisogeza kushoto kwa upana wa viganja viwili vya mkono, kisha akasimama nyuma yangu.

“Mzee, mpira haujui bendera iko wapi,” aliniambia. “Uonyeshe kwanza kijiti hiki.”

Nilimuuliza nifanye nini mpira ukipita kushoto mwa kijiti.

“Ukipita kushoto, uso umefunga. Ukipita kulia, uso umefunguka. Ukikigusa, wewe nyamaza, upige mwingine. Habari ya kurudi kwake tutaizungumza siku nyingine, ssebo.”

Zoezi hilo limekaa katika ratiba yangu hadi leo, na kama kuna jambo moja ambalo ningemsihi msomaji alijaribu, ni hilo. Kijiti kilicho karibu hakisemi uongo. Bendera iliyo mita 140 mbele hutoa jibu lililochanganyika: upepo umo, mpindo umo, mdundo umo, na mchezaji hawezi kujua ni kipi kilichoamua. Katika hatua kumi za kwanza mpira bado haujapinda, kwa hiyo unaloliona hapo ni uso wa fimbo kwa sehemu kubwa. Mpira ukigusa ncha ya kijiti, sauti yake ni kavu na fupi, na kijiti hutikisika kwa muda baada ya mpira kuondoka. Nimeona wachezaji wakitabasamu kwa sauti hiyo kuliko kwa mpira uliolala karibu na shimo, na ninawaelewa vizuri.

Mwanzo ukishaanza kutii, ndipo mtu aende kwenye njia ya fimbo, na hapo ardhi yenyewe ni mwalimu. Kipande cha nyasi kinachong'olewa na aini huacha jeraha lenye mwelekeo. Ninachuchumaa nyuma yake na kulaza fimbo sambamba nalo. Katika feidi nzuri jeraha huelekea kushoto kidogo mwa kijiti na lina kina kifupi. Likielekea kushoto sana, njia imekatiza kupita kiasi na mpira utapoteza nguvu. Likielekea kijiti moja kwa moja ilhali mpira umepinda kulia sana, basi uso ndio uliofunguka. Kwa draiva hakuna jeraha la kusoma, kwa hiyo ninapaka poda ya mtoto usoni mwa fimbo na kutazama alama ya mpira inabaki wapi.

Alama hiyo ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Uso wa draiva umebinuka, na mpira ukigusa upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, fimbo hujizungusha kidogo na kuupa mpira mzunguko wa ziada unaoupeleka kulia. Ukigusa upande wa ncha, huupa mzunguko wa kuupeleka kushoto. Kuna wachezaji wanaodhani wamejifunza feidi ya draiva, kumbe njia na uso wao vimenyooka na mpira unapindishwa na kisigino peke yake. Feidi ya namna hiyo hupoteza mita nyingi, na siku mpira utakapogusa katikati ya uso itatoweka bila kuaga. Poda ndiyo inayotenganisha mambo hayo mawili, na bei yake haimshindi mtu.

Kati ya aini na draiva kuna tofauti nyingine ambayo ilinichukua muda kuikubali. Aini hupigwa fimbo ikiwa bado inashuka, na kushuka huko huisukuma njia kuelekea kulia. Ili njia halisi iwe kushoto, swingi nzima lazima ielekee kushoto zaidi ya inavyohisiwa. Draiva ikiwa mpira umeinuliwa juu ya kigingi kidogo kiitwacho tii, hupigwa fimbo ikianza kupanda, na kupanda huko kwenyewe huielekeza njia kushoto. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na draiva yenye feidi ya asili na aini zisizotaka kupinda kabisa, akadhani ana swingi mbili. Swingi ni moja. Tao ndilo lililoguswa mahali tofauti. Kwa sababu hiyo nilianza na aini namba 7, nikaenda namba 5, na draiva nikaiweka mwisho, ingawa hamu ilikuwa kwenye draiva tangu siku ya kwanza. Weji, fimbo za mapigo mafupi ya juu, sizihesabu. Mwinamo wa uso wake ni mkubwa mno, mpira hujaa mzunguko wa kurudi nyuma, na mpindo wa pembeni hauna nafasi ya kuonekana.

Mazingira yetu nayo yana neno lake. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani. Mpira huenda mbali zaidi, lakini hewa nyepesi haina nguvu kubwa ya kuupindisha. Anayetoka kucheza Mombasa akaja na feidi aliyoizoea kule ataona mpira wake umenyooka zaidi huku, na ni busara asilenge kushoto sana mpaka aujue uwanja. Wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, jambo hilo huongezeka kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni: maji na majani vikiingia kati ya uso wa fimbo na mpira, msuguano hupungua, mpira hutoka bila mzunguko wa kutosha na hukataa kurudi. Kutoka kwenye nyasi ndefu zilizolowa mimi hulenga moja kwa moja na kuisahau feidi.

Entebbe, ambako gofu imechezwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mkuu ni upepo. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kabla ya maji, na upepo huanza kuvuma kutoka Ziwa Viktoria. Upepo unaotoka kushoto huibeba feidi na kuuongeza mpindo wake, kwa hiyo mita 6 zinaweza kuwa 12 kabla hujashtuka. Unaotoka kulia huishikilia feidi ikawa mpira ulionyooka, unaotua kwa upole lakini mfupi, na hapo nachukua fimbo moja kubwa zaidi. Hata pasipo upepo feidi hupanda juu na kuishia karibu kuliko mpira wa droo, ule unaorudi kushoto, kwa sababu uso ulio wazi kulinganisha na njia huwa na mwinamo mkubwa zaidi. Ndicho kinachoufanya utulie kwenye grini badala ya kukimbia. Jinja kuna jambo la pekee, kwani kanuni ya kienyeji iliyoupa uwanja ule umaarufu humruhusu mchezaji kuuinua mpira uliotumbukia katika unyayo wa kiboko na kuuangusha kando bila adhabu. Huko hakuna feidi itakayokusaidia.

Bendera ikiwa upande wa kulia wa grini, nyuma ya bunka, yaani mtego wa mchanga, feidi ni raha tupu: mpira unaanza juu ya katikati ya grini, na hata usiporudi bado umetua mahali salama. Bendera ikiwa kushoto kabisa, swali hubadilika, maana ili mpira urudi kwenye bendera hiyo lazima uanze nje ya grini, juu ya mchanga au maji. Wenzangu wengi hapo hubadilisha na kujaribu droo. Mimi hulenga ukingo wa kushoto wa grini, nauacha mpira urudi katikati, na kukubali kusukuma kwa mita 8 au 9 kuelekea shimoni. Kwa sasa ninaifanyia kazi fimbo ya mbao namba 3 nikipigia chini bila tii, ambayo haishuki kama aini wala haipandi kama draiva, na kijiti kimerudi tena hatua kumi mbele ya mpira.